Uzi wa Mkonge Usiooshwa

Wakesho mama,

Sitaandika kwamba natumai barua hii itakukuta salama, maana itakukuta ndani ya begi lako, chini ya mkebe, na mkebe huo nitaufunga mimi mwenyewe. Asubuhi nimekuona ukipanda pikipiki kwenda Mbololo kumuaga nyanya yako, mama wa marehemu mama yako, na ulikuwa mzima kunishinda. Utarudi jioni. Nyapara amenipa ruhusa ya nusu siku bila maneno mengi, jambo ambalo si kawaida yake, kwa hiyo nimebaki peke yangu hapa mlangoni na jiko la makaa, sufuria, na daftari lako la zamani la hesabu ambalo nyuma lina kurasa zisizoandikwa.

Ninakuchemshia chambo. Niliposema juzi kwamba utaondoka na vidonge vya kapu, yule samaki wetu, ulicheka, ukasema, "Baba, kule wana chakula cha samaki cha magunia, kina hadi maandishi." Najua. Wewe nenda navyo tu.

Mambo ya safari sitayagusa. Maji ya kunywa, kuificha simu, kutolala basi likisimama, hayo majirani wa laini hii ya nyumba za shamba wamekwisha kukujaza hadi masikioni, na wengi wao hawajawahi kupita Mtito. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Kesho unakwenda kusomea ufugaji wa samaki, na utakaa kwa mama yangu, Bunyala, katika nyumba ambayo mimi sijaikanyaga kwa miaka ishirini na minne. Mama yangu anaamini mwanawe ni karani. Anaamini nina meza, kalamu mbili mfukoni na kiti cha kuzunguka. Hicho cha kuzunguka sijui alikitoa wapi, mimi sikumwambia. Wewe unajua mimi ni nani. Wewe ndiye uliyekuwa ukinitoa miiba ya mkonge mgongoni kwa sindano ya kushonea, ukinikemea nisijitikise. Tangu ukiwa mdogo umemsikia kwenye simu, "Karani wangu, hujambo?" Siku moja uliniuliza kwa nini nyanya wa Bunyala ananiita Karani, nikakujibu kwamba ni jina la utani la utotoni. Si jina la utani. Ni uongo niliomwambia mama yangu, na siku ile nikakupa na wewe wako.

Nimekaa chini kuandika ili nikuombe unisaidie kuutunza. Maneno niliyapanga tangu Jumapili: akikuuliza, sema baba yuko ofisini. Hayo tu, usieleze zaidi. Kwa sababu ni mama mzee, na amewaambia watu wote wa kanisa lake, na nikimnyang'anya hilo sasa sijui atabaki na nini.

Ngoja, maji yamechemka.

Nimerudi. Fungu la kwanza limetoka, liko juu ya gunia, kivulini. Si juani. Unakumbuka vile vya mwanzo vilivyopasuka kama visigino vyangu.

Sijui kama unakumbuka vizuri tulivyoanza. Ulikuwa na miaka minane, na mama yako alikuwa ametuacha mwaka uliotangulia. Siku za kazi nilizimudu. Unaamka, unashika kisu, unakwenda, mkonge haukuulizi habari za nyumbani. Jumapili ndizo zilizonishinda. Tukitoka kanisani tulikuwa tunakaa humu ndani, mimi na wewe, tukitazamana kama wageni wawili walioketishwa chumba kimoja wakimsubiri mwenyeji. Mwenyeji alikuwa mama yako, na hakuwa akija. Ndipo nikakuchukua bwawani.

Bwawa la shamba, lile la nyuma ya nyumba ya pampu, lenye maji mekundu ya udongo huu wetu. Watu wa laini walikuwa wakivua ngege, samaki wadogo, kwa nyungunyungu. Mara moja moja kitu kikubwa kilipinduka katikati, na maji yakafumuka. Aliyetuambia ni nini ni Muriuki, yule dereva wa trekta. Yeye alizaliwa karibu na mabwawa ya Tana, na kwao samaki huyo anajulikana.

"Huyo ni kapu," alisema. "Na nyinyi mmemkalia miaka yote hii na nyungunyungu? Mtazeeka hapa."

"Kwani anakula nini?"

"Anakula kila kitu, lakini hana haraka. Ngege anadonoa kama kuku. Kapu ananyonya. Anakivuta kitu mdomoni, anakionja, akikikataa anakitema, na wewe huku juu umelala."

Wewe ukadakia, "Anakionja kwa ulimi?"

Muriuki akakutazama, akanigeukia. "Makokha, shukuru huyu binti hakuzaliwa kapu. Hangepatikana."

Nilijaribu ugali. Nikaufinyanga, nikaukaza, ulifika chini ukawa uji, na ngege wakaumaliza kabla kapu hajajua kuna karamu. Muriuki akasema shida ni kwamba hauna ngozi. Chambo cha kapu kinakandwa kwa mayai kisha kinachemshwa, ili kipate ngozi ya nje inayowachosha wadogo. Wao wanagonga, wanagonga, wanaondoka. Kinabaki pale chini usiku na mchana kikimngoja mwenyewe.

Unga wa mahindi wa kusaga mashineni, si ule laini wa pakiti, vikombe viwili. Unga wa soya kimoja. Omena, dagaa wa ziwa, iliyokaangwa kavu juu ya bati na kutwangwa, kimoja. Sukari guru kidogo, ya kuparuza. Maji usitie hata tone, ni mayai peke yake, mpaka donge liache kunata kiganjani. Najua unajua. Nakuandikia kwa sababu mimi ndiye ninayetaka kuyaandika.

Kutengeneza si kazi kubwa. Kuchagua ndiko kulikotusumbua. Wakati wa joto kapu alitaka omena, hata tukizidisha hakulalamika. Lakini ikifika Julai, upepo wa kutoka milimani ukipoza maji, alikuwa akiikataa kabisa, na tulipoteza Julai mbili nzima kabla ya kuelewa kwamba tumbo lenye baridi halitaki mafuta. Ndipo tukapunguza omena, tukaongeza sukari guru. Ukubwa ukawa wa gololi, kwa sababu mdomo wa ngege hauchukui gololi. Wewe ulitaka vyekundu. Ukaiba rangi ya keki kwa mama jirani, ukasema kapu wa kike watavipenda. Katika maji mekundu! Muriuki alicheka mpaka akashika tairi la trekta.

Na mayai, unajua yalikotoka. Nyanya yako wa Mbololo alikuwa akituletea, akidhani unayala wewe. Siku aliyotukuta tunayavunja kwenye unga wa samaki alishika kiuno. "Mayai ya kuku wangu! Kwa hiyo nyinyi watu wa ziwa mnampikia samaki samaki?" Lakini aliendelea kuyaleta. Hata haya ya leo ni yake.

Omena ndiyo sikukueleza. Ulikuwa ukiona aibu sokoni Voi jinsi nilivyosimama muda mrefu nikiinusa, mpaka yule mama muuzaji akaniuliza, "Baba, unanunua ama unakula kwa pua?" Mama yako pia, alipokuwa hai, hakuweza kuizoea. Alikuwa akisema, "Nile kitu ambacho macho yake yote yananitazama?" Mimi nilicheka nao. Ile ni harufu ya mlangoni kwa mama yangu. Asubuhi alikuwa akiianika juu ya wavu uliochakaa, na mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru kabla ya kwenda shule. Nikiitwanga hapa, mikono iko Voi na mengine yote yako kule. Kila mwezi nilikuwa narudi nyumbani kwa njia hiyo, Wakesho, kwa kikombe kimoja. Wewe ulidhani tunavua.

Sasa uzi.

Muriuki alitufundisha kwamba ndoano haiingizwi ndani ya kidonge. Kidonge kinaning'inia chini yake kwa uzi mwembamba, kama kipuli, ili kapu akivute bila kugusa chuma, na akitaka kukitema ndoano iwe imemshika mdomo. Mimi nikasema, uzi! Mtu wa mkonge akanunue uzi dukani? Nikakata jani, nikalikwangua kwa kisu changu, nikatoa nyuzi pale pale shambani, mbichi, zinachuruzika. Ncha ya jani, ule mwiba, nikaufanya sindano ya kutobolea vidonge. Nilijiona mwerevu sana.

Unajua maji ya mkonge. Mgeni akiyagusa anajikuna hadi machweo. Lakini mimi nilikuwa nimeyaogelea miaka mingi, mikono imekufa ganzi, hata sikumbuki tena kwamba yanawasha. Nikafunga vidonge kwa uzi ule. Tukakaa Jumapili baada ya Jumapili. Kamba inatikisika mara mbili, inatulia. Kapu alikuwa akija, akivuta, akitema. Nikalaumu soya. Nikalaumu mayai. Nikakulaumu wewe kwamba unacheza na mawe.

Siku ile nilikuwa nimegeuka nikifunga ndoano. Nikasikia ukitema mate. Nikageuka nikakuona umekitia kidonge mdomoni, kizima, na uzi wake.

"Baba, kidonge ni kitamu," ukasema. "Uzi ndio mchungu. Ulimi unawasha."

Na mimi nikakufokea. Nilisema, "Nimekata mkonge kabla hujazaliwa, leo wewe utanifundisha mkonge?" Nikasema na mengine. Nikakuamuru turudi nyumbani. Ulitembea mbele yangu umeshika mkebe kwa mikono miwili, midomo imevimba kidogo, na hukulia. Ungelia ningepata pa kukubembelezea.

Baada ya hapo nilivua kwa uzi ule ule miezi miwili zaidi. Nilijua. Usiku wa siku ile ile nilitia ncha ya uzi ulimini, nikajua. Lakini ningeubadilisha ungeona. Afadhali nirudi mikono mitupu kila Jumapili kuliko mtoto wa miaka tisa aone nimebadilisha uzi. Huyo ndiye baba yako, mtazame vizuri.

Kisha ikaja Jumapili ile. Nilifungua kopo langu la vifaa nikakuta nyuzi nyeupe, laini, hazina hata harufu. Mtu alikuwa ameziloweka kwenye maji ya majivu, akazisugua, akazianika, akazikunja vizuri. Wewe ulikuwa umekaa juu ya jiwe ukitazama upande wa milima kama huna habari. Sikuuliza. Nilifunga kidonge kimya, nikatupa, na kabla Muriuki hajamaliza kuwasha sigara yake kamba ilikimbia.

"Mwachie kamba! Makokha, mwachie! Unamvuta kama punda!"

Ulikuwa ndani ya maji hadi magotini ukipiga kelele kwa Kidawida, lugha ya mama yako uliyokuwa ukiitumia ukisahau kwamba mimi siielewi. Tulimtoa pamoja. Ulimshika mkia, mimi kichwa, magamba kama ya kuchongwa, na zile sharubu mbili kila upande. Muriuki akasema, "Huyo si samaki, huyo ni mzee wa kanisa." Watu wa laini wote walikuja kunisifu. Kila mmoja aliniuliza nimetumia nini, nami nikawaambia soya, nikawaambia mayai. Wewe ukanitazama tu.

Miaka kumi na moja sijawahi kulisema. Ulikuwa sahihi, mama. Uzi ulikuwa mchungu. Nisamehe kwa kukufokea, na zaidi kwa kutokuuliza ni nani aliyeziosha nyuzi.

Fungu la pili limetoka. Hili ni zuri kuliko la kwanza. Nilihesabu hadi sitini baada ya vidonge kuelea kisha nikaepua. Sasa nilimalize lile jingine.

Nilipofika hapa nilikuwa kijana mwenye darasa la saba na shati moja zuri. Niliomba kazi ofisini kwa sababu ya lile shati. Bahati yangu, au mkosi, karani wa kuhesabu mafungu ya mkonge alikuwa ameugua, wakaniona najua kuandika tarakimu, wakanikalisha mahali pake. Siku sita. Siku ya tatu nikawaandikia wazazi: nimepata kazi ofisini. Ilikuwa kweli kabisa, mwanangu, barua ile haina neno la uongo hata moja. Siku ya saba karani akapona, nikapewa kisu na mstari wangu shambani. Barua ya pili, ya kusema hivyo, sikuiandika.

Nilisema nitaandika mwezi ukiisha. Kabla haujaisha likaja jibu. Baba yangu alikuwa ametembea nayo ile barua mpaka kituo cha boti akiwasomea wavuvi. Mama akaandikisha salamu zake mwishoni: mwambieni Karani wangu ale vizuri. Nilisoma jina hilo mara nyingi sana. Nilikuwa nimekaa kwenye mstari, damu ya miiba imekauka kwenye mkono, na kuna mahali duniani naitwa Karani. Wewe ungeweza kulikataa? Labda wewe ungeweza.

Nikawa nawalisha. Si unakumbuka kapu analishwa siku tatu vidonge visivyo na ndoano, mpaka aamini mahali pale? Mimi nililisha miaka. Kila Desemba barua, baadaye simu: ofisi imepakwa rangi, bosi amebadilishwa, kazi ni nyingi mno mwaka huu siwezi kutoka. Mama yako alikuwa akinisikia. Siku moja alizima moto wa jiko ili nimsikie vizuri, akasema, "Mwambie mama yako. Kukata mkonge si wizi." Nikamwambia haelewi watu wetu. Akasema, "Naelewa. Unaona aibu kwa niaba yao, na wao hawajakutuma."

Mwaka uliokuwa ukijifunza kutembea niliapa kwenda nyumbani Desemba ile. Lakini niende vipi? Karani anaingia na suti, anamletea baba yake koti, anamletea mama yake jiko. Basi Oktoba nikaomba likizo bila malipo nikaenda Kishushe, walikokuwa wakisema mtu anaweza kuokota jiwe moja la thamani akawa mtu mwingine. Nilichimba wiki tisa. Hakuna gari, hakuna mtandao, vumbi jekundu hadi ndani ya meno. Sikuokota hata jiwe la kusugulia mguu. Niliporudi mama yako alinipokea njiani, na nilijua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alikuwa amenibebea maji ya kunywa na Kishushe si mbali kiasi hicho. Baba yangu alikuwa amekufa. Walinitafuta siku nne. Wakamzika bila mimi, na kaburini mchungaji alisema mwanawe wa kwanza amezuiwa na kazi kubwa ya ofisi.

Ningaliweza kwenda Septemba na shati langu na mikono yangu. Nauli nilikuwa nayo. Baba yangu angenikuta mkata mkonge, angekasirika siku mbili, siku ya tatu tungekwenda kuvua. Sikuwa nimeikosa njia, nilikosa koti la kumpelekea.

Baada ya hapo sikuenda tena. Ukikosa mazishi ya baba yako, unarudi na nini mkononi?

Nimesoma tena nilipoanzia. Akikuuliza, sema baba yuko ofisini. Nimejaribu kukuona ukilisema, umekaa kwenye kigoda jikoni kwa mama, yeye anakuuliza habari za meza yangu, na wewe unalitoa neno hilo. Siwezi. Ungelitia mdomoni na kulitema palepale, uso wako ungejaa uchungu wake, naujua. Na kama ungelizoea, kama mwezi wa tatu lingekuwa linatoka laini bila kukuwasha, hilo ningeliogopa zaidi. Mimi ndivyo nilivyozoea.

Ngoja tena. Nakwenda pale kwenye mti wa mwisho, mtandao unaposhika.

Nimempigia.

Tulisema kwa lugha yetu, nakuandikia kwa Kiswahili kama nilivyoweza. Aliitika kwa furaha, sauti iko juu kama kawaida ya wazee kwenye simu.

"Karani wangu! Mtoto amekwisha kuondoka?"

"Kesho, mama."

"Nimeisiriba nyumba upya. Atalala kwenye kitanda chako. Anakula nini huyo mtoto wa milima?"

"Anakula kila kitu. Mama, mimi si karani."

"Sema tena, hawa jogoo wananipigia kelele."

Ikabidi niseme mara mbili, na ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. "Mimi si karani. Nilikaa ofisini siku sita. Tangu hapo nakata mkonge."

Kweli kulikuwa na jogoo. Niliwasikia, na nikasikia mlango ukigonga kwa upepo, mlango ule ule, una sauti yake.

"Baba yako alikufa akijua wewe ni karani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na ndiyo maana hukuja."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani amekata. Kisha akauliza, "Huo mkonge una miiba?"

"Mwiba uko nchani mwa jani. Unachoma mgongo ukiinama."

"Nani anakutoa miiba?"

"Wakesho."

"Na akija huku kwangu?"

Nilisimama pale chini ya mti kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Naye hakuningoja. Akasema, polepole, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu kwenye giza la nyumba yake mwenyewe, "Sasa nitakuitaje?"

Halafu akasema anakwenda kufungia kuku, simu ikakatika.

Kwa hiyo unakwenda mikono mitupu, Wakesho. Huna cha kunibebea. Akikuuliza lolote mjibu vile lilivyo, la mgongo wangu, la Kishushe, la mama yako. Akiniapiza, usinitetee. Akilia, kaa naye tu, wewe unajua kukaa kimya kuliko mtu yeyote niliyemwona.

Vidonge vimekauka. Nimevigonga kimoja kimoja kwa ukucha, ngozi imeshika. Nyuzi ziko kwenye karatasi ndogo ndani ya mkebe, nimezifua mara tatu kwa maji ya majivu kama ulivyofanya wewe, na safari hii nimezionja zote. Hazina kitu. Kule mtoni kwetu sijui kama kapu yupo. Nilipoondoka hakuwepo, lakini mito inabadilika. Jaribu karibu na ule mchanga nyuma ya nyumba, mama atakuonyesha. Kama hayupo, mpe nyanya yako mkebe aufungue anuse. Ataitambua omena yake.

Kitu kimoja tu nakuomba, badala ya kile nilichotaka kukuomba mwanzo. Kabla ya barua ile ya ofisi, mama yangu alikuwa na jina lake la kuniita. Hakuna mtu Voi anayelijua, hata mama yako sikumwambia, na mimi sijalisikia tangu nilipopanda basi. Sitaliandika hapa. Usimuulize. Kaa naye tu, na jioni moja akiwa anaanika samaki au anakutuma maji, atanitaja. Sikiliza atanitajaje. Likiwa Karani, niambie. Likiwa jina usilolijua, nipigie saa hiyo hiyo na ulirudie vile vile alivyolitamka. Nitakuwa pale kwenye mti wa mwisho.

Nasikia pikipiki. Ni wewe.

Mimi baba yako,
Makokha, mkata mkonge